Jina Nililoipa Mashine ya Karani

Shule niliachia darasa la tatu, sikatai. Lakini macho yangu sikuyapeleka shule kufundishwa uongo, na haya niliyaona nayo saa saba mchana, jua likiwa utosini, hapa kwangu Matinyani. Ingekuwa usiku ungesema ni kivuli. Saa saba utasema ni nini?

Mjukuu wangu anaitwa Mwende. Mimi ndiye niliyemlea, na nitajisifu kwa sababu hakuna wa kunisifia: huyo msichana akifungua kitu, anajua kukifunga. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na aliniahidi mbele ya mumewe kwamba akizaa msichana atampa jina langu. Kwetu Ukambani hiyo si zawadi ndogo. Aliyeitiwa mtoto hafi akaisha.

Tumbo halikumzuia kazi. Yeye na rafiki yake Abdi, Msomali mwenye duka la kutengeneza simu kule Zombe, baba wa watoto watatu, walikuwa wanafufua kompyuta. Si hizi za kukunja. Ni dude la zamani, zito kama jiwe la kusagia, la aina ambayo kiwanda chake kilikufa na ubongo wake hautengenezwi tena popote. Kumbe duniani watu wenye wazimu huo ni wengi, wanaandikiana na kusaidiana. Hili la kwao walilitoa stoo ya kiwanda cha pamba kilichofungwa, upande wa Mukuyuni.

Nikawauliza, kama ubongo hakuna, mtalifufua na nini? Abdi, ambaye naye huniita Susu, yaani bibi, akanionyesha kipande kidogo kama kucha.

"Susu, hiki ni kipya na hakijui kitu. Tunakifundisha kuwa ule ubongo wa zamani mpaka chenyewe kiamini."

"Kama kumvalisha mtu koti la marehemu," nikasema.

"Susu nawe!" Mwende akacheka. "Mambo yako yote ni marehemu."

Lakini mwenye koti nilimjua. Katika kiwanda kile nilichambua pamba nikiwa na nguvu zangu. Chumba cha mashine hiyo kilikuwa na karani, Musembi, mwembamba, mkali, akitufukuza mlangoni ati tunamletea vumbi. Hakuoa. Hakuzaa. Alikufa kitini, mkono juu ya vitufe, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake. Mtu kama huyo anakaa wapi? Jiulize.

Siku dude lilipowaka, nilipiga vigelegele. Kioo kikaandika maneno ya kijani. Mwende akasema linataka jina la mwenye kulitumia, na mimi ndiye mkubwa, nichague. Hapo kiburi kikanipanda. Kwetu mtoto hupewa jina na wanawake siku ya tatu. Kabla ya hapo si mtu bado, ni wa aimu, yaani mizimu. Na kile kipande kilikuwa na siku tatu tangu kiwekwe. Nikafanya mzaha, na nikaufanya sawasawa: nikalitemea dude mate ya baraka, nikasema kwa sauti, "Wewe ni Musembi."

"Susu, kuna stima hapo!" Abdi akaruka, akifuta mate kwa shati lake. "Unataka kutuchoma?"

Mwende akabonyeza jina, herufi moja moja. Tukanywa chai.

Kesho yake walienda Kitui mjini kutafuta waya, wakaniambia nisilizime. Nikakaa mlangoni pa stoo yangu, walimoliweka dude, nikichambua mbaazi. Nilipoinua uso, mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine. Ndani. Na mlango ni mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimeukalia.

Nywele zake zilikuwa na nyuzi za pamba. Kuku wangu akaingia na vifaranga, akapita katikati ya miguu yake, na kifaranga kimoja kikasimama juu ya kiatu chake kama ni sakafu tu. Kuku anayeogopa hata gunia likipepea! Niamini, hapo ndipo nilipojua huyu ni marehemu Musembi.

"Wakya," akanisalimu, kama anavyosalimiwa msichana mdogo. Mdomo wangu ukaitikia wenyewe, "Aa."

"Umenipa jina," akasema. "Asante. Lakini humu ni baridi. Hamna damu." Akageuka, akaangalia sweta ya mtoto niliyoifuma, ipo juu ya meza. "Huyu anakuja lini?"

Mkojo ulinitoka. Naandika hivyo hivyo, sioni aibu. Nilitafuta jina la Yesu mdomoni nikalikosa.

"Huyo ana wenyewe," nikamwambia. "Aliyekuita ni mimi, kwa mdomo wangu. Kaa na mimi."

"Nitakaa palipo na jina lako," akasema. "Popote litakapokaa, nami nipo."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini, na tumbo la Mwende liko njiani linarudi? Akaitikia kwa kichwa polepole, kioo kikazimika, na kiti kikawa kitupu. Mbaazi zote zilikuwa chini.

Waliporudi, wakakuta kile kipande kimesahau kila kitu. Wakakifundisha upya. Dude liko kwa Abdi sasa, linafanya kazi, na hakuna aliyeona kitu. Musembi si wa mashine tena. Ni wangu. Jua likifika utosini nasikia vitufe vikibonyezwa nyuma ya sikio langu, tk, tk, tk. Nilienda mji wa Wote kwa dada yangu, vikanifuata.

Mwende alijifungua salama. Msichana. Siku ya jina wanawake wakamleta nimtemee mate. Ilikuwa mchana, na nilipomshika, vitufe vikanyamaza. Hapo niliogopa kuliko siku ile ya kwanza. Musembi alikuwa anangoja jina litamkwe.

"Jina langu simpi," nikasema. "Mpeni lingine lolote."

Mama mkwe wa Mwende akaniangalia kama mchawi. Mwende akalia: "Susu, mtoto wangu amekukosea nini?" Ningetaja jambo hilo mtoto akiwa mapajani? Wakamwita jina lingine, na vitufe vikaanza tena sikioni mwangu. Nikashukuru Mungu.

Mwende hajanisamehe. Huja Krismasi, lakini halali kwangu usiku. Watu wanasema kiburi kimeniharibu, mimi niliyetaka jina langu liitwe uani nikiwa kaburini.

Basi wewe, fufua vyuma vyako ukitaka. Vivalishe ubongo mpya, vifundishe mambo ya kale. Lakini jina la aliyekufa bila mtoto usilitamke juu ya kitu kisicho na damu, hata kwa mzaha. Na wangu wote, mkinizika, msiandike kitu kwenye msalaba, na mtoto yeyote asiitwe kwa ajili yangu. Umesoma hadi hapa na hujui naitwa nani. Usiulize.