Midomo ya Baba

Juzi sokoni Moshi nilimwona mtoto anakula zambarau, midomo imegeuka rangi, nikakumbuka mchana ule baba aliporudi kutoka mlimani, alikokuwa mpagazi wa watalii. Alikaa kwenye benchi akinuka moshi wa kuni, kifua kikikoroma kama chungu kinachochemka. Midomo yake ilikuwa na rangi ileile.

“Umekula zambarau zote peke yako?” nilimuuliza, nikanuna.

Mama alipotoka jikoni na kumwona, aliita majirani wakambeba hadi hospitali.

Leo najua mapafu yake yalijaa maji kwa sababu ya hewa hafifu ya kule juu mlimani. Moyo uliisukuma damu kwa haraka, lakini ilitoka mapafuni bila hewa ya kutosha, ndiyo maana midomo ikageuka rangi.

Baba alipona. Nilipomwomba radhi ukubwani kwa kumnunia siku ile, alisema:

“Nakumbuka tu kwamba hukuniamkia.”