Maji ya Kuzimulia

Wiki iliyopita maji ya kisima yaliitia ukungu pombe kali ya pipa zima, na jirani yetu mpishi wa pombe hiyo amebakiwa na dumu moja tu lisilozimuliwa. Leo amekinga maji ya mvua. Anazimua kwayo kijiko kimoja cha pombe ndani ya glasi, anasubiri, kidole gumba kikisugua ukingo.

“Maji ni maji, mama watoto,” mumewe anamtania.

“Basi kanywe ya mtaroni.”

Kama kawaida, anaisimamisha glasi juu ya kitabu changu. “Soma, mwanangu. Macho yangu hunidanganya.”

Nasoma kupitia glasi, kwa sauti ndogo: mwanamke amefika mlangoni, anasita kubisha. Kila herufi inaonekana.

Mpishi anashusha pumzi, analizimua dumu lote polepole. Kisha anafuta mikono, anavuta kigoda.

“Haya. Akabisha?”