Mwizi wa Kondoo na Jina la Mama Yake

Nilimaliza Fomu Foo na gredi isiyo ya kutangaza kanisani, nikapata kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mjini Nakuru: kusoma karatasi za zamani kwenye skrini na kuzipiga chapa upya. Mteja alikuwa mama wa Australia aliyetafuta habari za ukoo wake. Babu yake wa kale, Mwingereza, aliiba kondoo huko kwao, akafungwa, akapakiwa melini na kupelekwa Australia.

Orodha ya meli ilimweleza kama ng'ombe wa mnada: kimo, rangi ya macho, kovu kidevuni, kazi yake kulima. Nikampenda papo hapo. Mimi hupenda watu upesi.

Iliyonimaliza ni barua ya mama yake kumwombea msamaha. Aliandikiwa na mtu. Penye sahihi, kando ya jina lake, alichora msalaba tu, kama shosho wangu, mama ya baba, anavyoweka kidole gumba.

Jumamosi nikapanda mlima hadi kwake Dundori, nikamsimulia shosho tukimenya viazi.

"Kondoo mmoja?"

"Mmoja, shosho."

"Na alimla?"

"Hawajaandika."

"Hao waandishi wako wanaacha ya maana." Akamenya kingine. "Alizaa huko? Alimrudisha mama yake?"

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na msichana wa kwanza jina la mama ya baba. Hivyo ndivyo mtu hurudi. Mimi nina jina la shosho. Baba mdogo, kitinda mimba wake, alienda ng'ambo kuendesha lori miaka mingi iliyopita. Tulisikia ameoa, halafu kimya. Shosho hamtaji, lakini nilijua swali lile limetoka wapi. Nikamwahidi jibu.

Kwenye rekodi za Australia, wanaume wenye jina la mwizi wangu walikuwa tele. Jina la baba yake nilikuwa nalo, kwa hivyo kila familia ambayo mwana wa kwanza wa kiume hakulibeba niliifuta, nikijiona mpelelezi kamili. Baada ya wiki mbili sikubaki na mtu.

"Mwizi ameenda wapi?" bosi akauliza.

"Amenitoroka."

"Polisi walimshika, wewe umemwachilia." Nikamweleza hesabu yangu ya majina. Akacheka mpaka akaweka chai chini. "Na nani alikuambia Wazungu huwapa watoto majina kama nyinyi?"

Nikarudi kwa niliowafuta, masikio yakiwaka. Wa tatu, cheti chake cha ndoa kilitaja meli ileile. Mwanawe wa kwanza alimpa jina lake mwenyewe. Wa pili na wa tatu, wavulana, majina yao hayakuwa ya mtu yeyote niliyemjua kwenye karatasi zangu. Wa nne kwenye daftari la ubatizo alikuwa msichana, na jina lake ni la yule mama wa msalaba. Nililia hadi kijana aliyekuja kuchapisha CV akahama kiti.

Nilimpelekea shosho habari mwenyewe.

"Alimpa mtoto jina lake mwenyewe, bila kungoja mjukuu? Alikuwa na haraka gani?"

"Lakini msichana ana la mama yake, shosho."

"Basi alimrudisha." Akapangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na leso. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo ya baba mdogo, ya kitambulisho, kona zimeliwa.

"Huyu hajaiba hata kondoo," akasema. "Ukimtafuta atakusumbua kidogo tu."