Kilo Mbili za Sukari

Ni nani aliyekudanganya kwamba moyo mzuri unatosha kumlinda mtoto? Mimi nilidanganyika hivyo, kisha nikawafundisha wengine.

Twalibu ni fundi wa magari, ana miaka hamsini na mitatu. Aliacha shule darasa la sita. Shirika letu lilipotafuta watu wazima wa kujitolea kuwa walezi wa wanafunzi katika shule moja ya Gasenyi, karibu na mpaka wa Kongo, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, kanzu imepigwa pasi, grisi bado imo kwenye kucha. Walikuja kumi na mmoja. Nami, kijana niliyetoka chuo kikuu juzi, niliwafundisha Jumamosi nne: sikiliza kuliko unavyosema, kutana na mwanafunzi uwanjani, mahali watu wanapowaona, usiende kwao.

Hapo Twalibu aliinua mkono.

"Mwalimu, nikae na mutoto wa mutu kila wiki, nisipige hata hodi kwao? Kwetu huyo ni mwizi."

Darasa lilicheka.

"Ni sheria ya kazi, Mzee Twalibu," nilisema, nikafungua ukurasa mwingine. Sikueleza sababu. Ndivyo tulivyo sisi wenye diploma: tunamwambia mtu mzima aache adabu aliyolelewa nayo, tena tunamtaka asiulize.

Alipewa Danielle, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeishi na mjomba wake, Murhula, muuza vitenge. Wiki tatu msichana hakusema kitu. Wiki ya nne alimwambia Twalibu kwamba mjomba anataka kumtoa shuleni na kumvusha mpaka, akauze dukani kwake Uvira. Dada yake Danielle alivushwa hivyohivyo mwaka jana, na tangu Pasaka simu yake haipatikani.

Twalibu alinieleza, nami nikamweleza mkuu wa shule. Yeye alimtafuta mama wa msichana huko Bukavu, akampata, akapata na nafasi ya bweni. Mama angefika Ijumaa. Hadi siku hiyo, mkuu alituambia, Murhula asijue lolote.

Jumatano alasiri nilipita gereji. Twalibu alitoka chini ya gari akitabasamu.

"Nimetoka kwa Murhula. Nilipeleka kilo mbili za sukari."

"Kwa nini, Mzee?"

"Tunamupangia mutu mambo ya nyumba yake, na mi sijamusalimia hata siku moja. Ni aibu, kijana yangu."

"Ulimwambia nini?"

"Apana kitu. Bweni sikutaja, mama sikutaja. Nilimusifu mutoto tu. Nilisema ana akili, ana heshima, ananiambiaka yote."

"Yote?"

"Yote."

"Naye alisema nini?"

Twalibu alichukua kitambaa, akaanza kufuta vidole kimoja kimoja. "Alicheka. Akamuita Danielle atuletee chai. Mutoto akamwaga kidogo. Murhula akapangusa meza yeye mwenyewe, polepole, halafu akaniuliza gereji yangu iko wapi."

Nilimwona akiyasikia upya maneno yake mwenyewe.

Nilimpigia mkuu wa shule, hakupokea. Tukaenda sisi wawili kwa Murhula, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Redio ilikuwa ikilia. Twalibu alipiga hodi, akapiga tena, akaita kwa jina. Mtu akapunguza sauti ya redio, lakini hakuna aliyefungua.

Asubuhi yake, saa moja, tulikuwa mlangoni pa shule. Wanafunzi waliingia kwa makundi, na Twalibu alitazama kila uso. Kengele ilipolia, Murhula alitokea peke yake, kwa miguu, shati jeupe limenyooka. Alimkabidhi mlinzi vitabu vya Danielle, na juu yake sare iliyofuliwa, imekunjwa vizuri, bado mbichi.

Kisha akatugeukia, akatusalimia kwa mikono miwili, akampa Twalibu mfuko. Ndani yake ilikuwamo sukari, kilo mbili, haijafunguliwa.