Chumvi Mbichi

Mume wangu alikuwa akiyeyusha alumini pale Keroka, nyuma ya maduka. Makopo ya soda, sufuria zilizotoboka, vipande vya injini za pikipiki, vyote viliingia kwenye tanuru lake vikatoka sufuria mpya. Mimi nilichambua vyuma na kuangalia feni ya moto. Watu walituuliza mbona tunatia chumvi humo, kwani tunapika sukuma? Mume wangu akawajibu, "Bila chumvi utauza majivu." Na ni kweli. Chumvi ikiyeyuka huelea juu ya alumini na kuifunika ili hewa isiiunguze. Hukusanya uchafu wote, ukauengua kwa upawa mrefu, na chini inabaki alumini safi inayong'aa.

Shida ni kwamba chumvi ya huku kwetu hunyonya unyevu, maana mvua haituachi. Kwa hivyo aliikaanga kwanza kwenye bati kando ya tanuru, mpaka iache kupasuka-pasuka. Nilimtania eti anaijali hiyo chumvi kuliko mkewe.

Siku hiyo mawingu yalishuka mapema. Paa letu lilikuwa linavuja, na maji yakiingia kwenye alumini iliyoyeyuka ni balaa. "Haraka, mama watoto, mvua isitupate!" akasema. Akapasua pakiti mpya, akaimwaga chumvi mbichi, akaikoroga mpaka chini. Alikuwa anakimbia maji ya mbinguni, kumbe anayo mkononi.

Ikalipuka. Alimwita Mungu kwa Kigusii, "Nyasae!", akajifunika macho. Na hiyo mvua yenyewe haikunyesha.

Hospitalini mjini Kisii niliketi kando ya kitanda chake siku baada ya siku. Watu wa kanisa walikuja na ndizi na maombi. Wakisema pole, nasema asante. Wakilia, nawatazama. Shemeji yangu alinong'ona kwamba nina moyo mgumu. Ugumu gani? Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi. Nilikula, nikafua, nikalala, sikuhisi kitu.

Daktari alitwambia jicho la kushoto limekwisha, ila la kulia lina matumaini kidogo, tungoje bandeji itolewe. Mume wangu alilishikilia hilo la kulia. "Moja linanitosha," aliniambia. "Nikiona rangi ya moto tu, nitafanya kazi." Kila asubuhi aliniuliza kama ni leo.

Siku yenyewe ilifika. Daktari akafungua bandeji taratibu, akamsafisha, akamwambia afungue jicho. Akafungua. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, hata mimi nilikuwa nimekunja uso.

Mume wangu alingoja. Kisha akageukia upande wangu, akasema kwa upole, "Mama watoto, hebu mwambie awashe taa."

Daktari aliniangalia. Nikamshika mume wangu mkono, nikamwambia stima imepotea.