Kichujio cha Wageni na Mbavu za Mama Mkwe

"Mama, jua iko na mbavu," binti yangu aliniambia, jicho la kuume bado limebandikwa kwenye darubini ya shule, siku ya sikukuu ya kutazama jua.

Nilimvuta kwa sketi nusura aanguke. Nikaangalia mbele ya bomba, na pale panapokaa kichujio cha kukinga jicho na jua nikaona kifua cha mtu: mbavu, bega, hata kivuli cha moyo. Filimu ya radio! Ile nyeusi ambayo hospitali inakupatia ukishapigwa picha ya mapafu.

"Direkteri, kichujio iko wapi?" nikamwuliza mkuu wa shule.

"Mama, tulia. Ile ilikuwa inaleta giza mingi, jua inakuwa kadogo kama makuta, ile franga ya zamani. Njo maana nimetengeneza."

"Umetengeneza nini? Hii mapafu ni ya nani?"

"Ya mama mukwe yangu," akasema bila haya. "Nimeweka mbili. Na tena, batoto ya huku ku mulima macho yao imezoea jua. Banashinda nayo mu shamba."

Hapo uvumilivu wangu ulikatika. Na mtoto mdogo mgongoni, niliibeba ile darubini pamoja na miguu yake mitatu, nikailaza kwenye nyasi kama mbuzi aliyekataa kamba. Watoto wa foleni wakapiga makofi. Masikini, walidhani ni sehemu ya sikukuu.

Niko katika komite ya wazazi, kwa hiyo nilikuwepo sanduku la darubini lilipofunguliwa. Kichujio kilikuwa duara la chuma lenye karatasi inayong'aa kama kioo, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, nikayasoma kwa sauti: usifungue, usikate, usibadilishe, jua linaunguza jicho bila maumivu. Direkteri akaninyang'anya.

"Mama, hiyo baliandikia Bazungu. Macho yao ni ya bulu, inaogopa hata taa."

Komite nzima ikacheka. Watu wenye diplome, midomo wazi mpaka magego.

Kumbe alikwishaamua. Alifungua skrubu za lile duara kwa kisu cha mkate, akaikata ile karatasi vipande vipande, akavibandika kwenye katoni za sabuni: miwani ya wakubwa! Kwetu mgeni wa heshima hapangi foleni nyuma ya watoto, wala hainami kwenye bomba na makalio juu mbele za watu. Basi chefu wa kijiji, mchungaji na direkteri mwenyewe walikaa kwenye makochi yaliyobebwa kutoka nyumba za watu, soda mkononi, wakitazama jua kwa kichujio cha kweli. Watoto wetu wakapewa kifua cha mama mkwe. Naye mama wa watu mpaka leo anatafuta filimu zake azirudishe kwa daktari.

Kesho yake tulikuwa tunachambua maharage. Binti yangu aliyaacha mawe kwenye ungo, nikamgombeza. Akafumba jicho la kushoto, akanitazama.

"Mama, uso yako iko. Pua njo haiko."

Nilimbeba mbio hadi kwa muuguzi. Muuguzi hakucheka. Alisema tumfikishe kwa daktari wa macho Goma, barabara iliyokuwa imefungwa ikifunguka, na kwamba yeye hana matone ya kurudisha kilichoungua. Direkteri naye akanitumia ujumbe: nitie maziwa ndani ya jicho. Maziwa! Huyo ndiye anayefundisha sayansi.

Barabara ilipofunguka nilishuka Sake kwa pikipiki hadi kwa mkaguzi wa shule. Sekreteri wake akanishauri nianze na maneno "kwa heshima kubwa". Nikamwambia heshima yote ilikalia makochi. Nikaandika hivi, akapiga muhuri:

"Mimi, mama wa mwanafunzi wa darasa la tano, ninamshtaki direkteri wa shule yetu. Alifungua kichujio cha darubini, akakikata kwa ajili ya wageni, akaweka filimu ya radio, akawapa watoto watazame jua. Alionywa; nilimsomea maelezo mimi mwenyewe. Binti yangu haoni katikati kwa jicho la kuume. Ninaomba watoto wote wa foleni ile wapimwe macho, na direkteri awapeleke mwenyewe. Ninaomba darubini ifungiwe. Na ninaomba aulizwe mbele ya wazazi wote, si ofisini: kama macho ya huku yamezoea jua, kwa nini yeye alivaa kichujio cha kweli?"