Gumba la Kushikia Bass

Mdogo wangu ni nesi, na tangu aanze kazi alikuwa anatafuta mshipa wa damu kwa gumba la mkono wa kushoto. Chuoni walimkataza. Walimu walitaka atumie kidole cha shahada kama wenzake, yeye akakaidi, akasema gumba lake ndilo linalosikia. Na lilisikia kweli. Hapa Doha, kwenye kliniki yake, mtoto mchanga akishachomwa mara mbili na mishipa imejificha, walikuwa wanamwita yeye. Anaweka gumba kwenye kale kakono, anafumba macho, ananyamaza, halafu anasema "hapa", na sindano inaingia mara moja. Mkataba wake uliongezwa kwa sababu ya gumba hilo. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani sikujua nilichokuwa nachezea.

Sisi ni watoto wa Naivasha. Baba yetu alikuwa anaendesha boti ya wageni waliokuja kuvua bass, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana kama mfuko wa koti. Bass hana meno ya kutisha, ana vijimeno vidogo vidogo kama msasa. Ndiyo maana ukimtoa majini humshiki tumbo wala mkia. Unatia gumba mdomoni, unabana taya la chini na kidole cha shahada kwa nje, unainua. Anatulia tuli. Ukishika samaki kumi kwa siku, gumba linakwaruzika mpaka linakuwa kama ukuta usiopigwa plasta, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Kabla ya kula tulipanga magumba yetu mezani, baba anayapapasa moja moja, na mwenye gumba bovu kuliko wote ndiye anayepewa kichwa cha samaki.

Mdogo wangu hakuwahi kupata kichwa hata siku moja. Aliogopa samaki tangu utotoni. Nilimwita gumba la siagi, na jina likamganda mpaka shuleni. Nilikuwa na mdomo mbaya, na sidhani kama umepona.

Mimi ndiye niliyetangulia kuja huku. Ni mlinzi kule The Pearl, kwenye gati ya boti za matajiri. Kazi yangu ni kusimama na kuangalia nani anaingia na nani anatoka, na saa nyingi haingii mtu wala hatoki mtu, kwa hiyo naangalia maji. Maji ya pale ni safi, unaona mpaka chini. Mwaka wangu wa kwanza nilianza kumwona samaki mmoja chini ya boti nyeupe. Mrefu kama mkono wangu, mwembamba, rangi ya bati, na taya la chini limetangulia mbele la juu. Alikuwa hafanyi chochote. Amesimama tu majini, jicho wazi, asubuhi nzima. Samaki wadogo wakipita karibu naye walikuwa wanazunguka kwa mbali, nami nilizoea kumtafuta kila nikifika zamu, na siku nisipomwona nilikuwa sipendi kukaa karibu na ukingo.

Mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Lamu, alichungulia siku moja akasonya. "Huyo ni mzia," akasema. "Kwetu hata akiwa amekufa chomboni, mkono mdomoni mwake hatupeleki. Taya lile linafunga lenyewe."

Nilicheka. Nikamwambia watu wa bahari mnaogopa sana, njoo Naivasha nikuonyeshe samaki wanavyoshikwa. Akarudi kwenye kiti chake.

Mdogo wangu alipopata kazi ya hapa, baba alimpa mzigo aniletee: vichambo vinne vya mbao vya kunasia samaki, kila kimoja kidogo kuliko kidole changu, amevichonga mwenyewe, mgongo kijani na tumbo jeupe. Baba aliacha kuchonga mwaka ule ule, macho yalikuwa yamechoka. Nilivifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Tukawa tunakaa pamoja Al Wukair, chumba kimoja kwenye nyumba iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba, na kila Ijumaa asubuhi tulikuwa tunateremka Al Wakrah kuvua kwenye mawe. Nilimlazimisha. Alitaka kulala, maskini, baada ya wiki nzima ya watoto kulia, lakini mimi nilimvuta shuka na kumwambia aamke, leo gumba la siagi litaiva.

Tulikuwa tunamtafuta sheri, ambaye watu wa Pwani humwita changu. Sheri ana macho makali. Ukifunga uzi mnene anauona, ukifunga waya ndiyo kabisa, haji. Kwa hiyo nilifunga nailoni nyembamba ile ile ya baba, na kichambo kikawa kinacheza majini kama kinavyotakiwa. Tulipata. Sheri wa kwanza nilimshika mdomo mwenyewe, wa pili nikamwita mdogo wangu. Aligeuza uso, akatia gumba. Samaki akatulia. Akageuka kunitazama, macho makubwa, anacheka kama amepewa zawadi.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Si nilikuambia? Miaka yote hiyo unaogopa nini?"

Alipiga picha ya gumba lake, halina hata mkwaruzo, akamtumia baba. Baba akajibu kwamba kichwa cha samaki kinamngoja nyumbani. Siku ile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nifike nchi hii.

Wiki mbili baadaye kichambo cha kwanza kilikwenda. Hakukuwa na vuta nikuvute. Niliona kitu cheupe kikigeuka chini ya maji, kisha uzi ukarudi mwepesi. Ncha yake ilikuwa imekatwa safi, kama kwa wembe. Ijumaa iliyofuata kikaenda cha pili, namna ile ile. Jirani yetu pale mawe, fundi umeme mmoja, Mhindi wa Kerala, alisogea akaushika uzi wangu, akaupitisha kwenye kucha. Kisha akanionyesha wa kwake: mwishoni, kabla ya ndoana, alikuwa ameunga kipande cha waya mwembamba cha urefu wa shubiri. Tuliongea kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza. Akasema waya ni lazima, huyu anayekata ana meno mengi. Akakunja kipande kingine, akanipa.

Nilimshukuru, nikakitia mfukoni. Sikukifunga. Nilijiambia waya utamfukuza sheri, utakifanya kichambo cha baba kiende kama kipande cha ubao. Hiyo ilikuwa sababu ya nusu. Nusu ya pili ni kwamba sikutaka kuambiwa namna ya kuvua na mtu yeyote, mimi binti wa baba yangu.

Kuna jambo baya zaidi. Nilipoona ule uzi umekatwa nilijua ni mzia. Mwenzake nilikuwa nikimwangalia kila siku kazini. Ningeweza kumwambia mdogo wangu, sikiliza, hapa kuna samaki mwingine, huyu hashikwi mdomo. Sentensi moja tu. Sikusema, kwa sababu nilijua angeacha kuja, na Ijumaa ilikuwa ndiyo siku pekee niliyokuwa naye. Zamu zetu zilikuwa zinapishana wiki nzima, ananiachia chakula kwenye sufuria, namwachia chai kwenye chupa. Nilimtaka pale mawe pamoja nami. Basi nikanyamaza. Alipouliza vichambo vimekwenda wapi, nilimwambia vilinasa kwenye mwamba.

Cha tatu kilikatwa pia. Kikabaki kimoja.

Ijumaa ile ilikuwa mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, joto limeanza kulegea. Tulinunua karak, ile chai yao ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, tukafika mawe jua likiwa bado chini. Fundi wa Kerala hakuwepo. Bahari ilikuwa shwari mno, haina hata kiwimbi. Vidagaa viliruka mbele yetu kwa pamoja, mara moja, mara mbili, kisha vikaacha, na baada ya hapo hakikuruka kitu. Mdogo wangu alisema amechoka, angependa turudi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezunguka kikombe, na nakumbuka niliutazama.

"Mara moja tu," nikamwambia. "Nirushe mara moja, twende."

Nilirusha. Kabla sijazungusha uzi mara tatu, fimbo ya kuvulia ikapinda. Safari hii uzi haukukatika. Samaki alikwenda kulia, akaenda kushoto, akaruka mzima mzima juu ya maji, nikaona ule urefu na ile rangi ya bati. Kichambo cha baba kilikuwa kimemnasa kwenye pembe ya mdomo, kwa nje, na nailoni ikapita kando ya meno. Akigeuza kichwa kidogo tu, imekwisha. Nilimvuta polepole mpaka mbele ya jiwe alilosimama mdogo wangu. Mimi nilikuwa juu, fimbo mikononi, siwezi kushuka. Nilimjua yule samaki. Hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote.

"Mshike mdomo," nikasema.

Akachuchumaa, akachungulia. "Mbona mrefu hivi? Huyu ni sheri?"

"Shika, wewe. Atakwenda na kichambo cha baba."

Mimi ndiye mkubwa wake. Tangu utotoni nikisema vuka, anavuka. Aliweka kikombe cha chai juu ya jiwe, kwa uangalifu, kisimwagike. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kama nilivyomfundisha, akatia gumba.

Hakulia. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyekanyaga maji baridi, akakaa chini. Mzia alijitikisa akaanguka majini, na kichambo kikabaki kimelala mwambani, kizima, hakina hata alama. Gumba la mdogo wangu lilikuwa limefunguka kutoka kwenye fundo mpaka karibu na kiganja, na kwa muda mfupi halikutoa damu, nikaona cheupe ndani. Damu ilipokuja ilikuja yote. Nilifunga kwa kitambaa cha vichambo. Yeye ndiye aliyeniambia niinue mkono juu, nibane hapa, nisiachie. Aliniongoza kwa sauti ile ile anayowatulizia akina mama wa watoto wagonjwa.

Hospitalini, nikitafuta kitambulisho chake mfukoni mwangu, nilitoa kile kipande cha waya. Kilikuwa bado kimekunjwa kama nilivyopewa.

Daktari alishona kano na akaunga neva, akasema kidole kitakunjika tena, na kimekunjika. Kuhusu kusikia, alisema tungoje. Tulimpigia baba simu kwa video, mkono ukiwa kwenye bandeji kubwa, tukamwambia ni mzia. Baba alisogeza uso karibu na simu.

"Alimshika mdomo?"

"Ndiyo, baba," mdogo wangu akajibu mwenyewe.

"Mzia? Nani alimwambia amshike mdomo?"

Nilifungua kinywa. Mdogo wangu akatangulia. "Hakuna aliyeniambia. Nilijisahau, nikadhani niko Naivasha."

Baba akamwambia pole, akasema hilo ni kosa la watu wa maji baridi, angeweza kulifanya hata yeye. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, nje ya picha. Sikusema kitu siku ile, na kila siku inayopita inakuwa vigumu zaidi. Mdogo wangu hajawahi kunitupia neno. Ningependa anitukane.

Kliniki walimweka mapokezi. Anaandika majina ya wagonjwa na kuwapa namba. Mkataba wake unaisha mwaka huu, na wamemwambia wataona. Ijumaa anafulia nguo zake na kulala. Vifaa vya kuvulia nilimpa fundi wa Kerala vyote, isipokuwa kichambo. Kazini yule samaki bado yuko chini ya boti nyeupe, au mwenzake, siwezi kuwatofautisha. Nikifika zamu namtafuta.

Mwezi uliopita nilitakiwa kupimwa damu kwa ajili ya kazi, nikaenda kliniki kwake. Nesi mpya, msichana mpole, alinichoma mkono wa kulia akakosa, akanichoma wa kushoto akakosa. Mishipa yangu ni mibaya, kama ya mama yetu. Msichana akaanza kutoka jasho, akaomba radhi, akatoka nje. Aliporudi alikuwa na mdogo wangu.

Mdogo wangu hakuniangalia usoni. Alivuta kiti, akaukunjua mkono wangu juu ya mto, akaweka gumba la kushoto pale kwenye mkunjo wa kiwiko, lile lenye kovu. Akafumba macho kama alivyokuwa akifanya zamani. Msichana akashika sindano tayari, akingoja aambiwe. Gumba lilibonyeza, likasogea kidogo, likabonyeza tena. Lilikuwa la moto, na mapigo ya damu yangu mwenyewe niliyasikia yakigonga chini yake, wazi kabisa.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akafumbua macho.

"Tafuta wewe," akamwambia msichana. "Mimi sisikii kitu."